Kabuti na betri ya watu

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ni msanii gani wa mtaani kwenu aliyestahili kuwa nyota lakini hakufika?" Nililisoma asubuhi nikiwa bado kitandani, nikaiweka simu kifuani, nikaichukua tena. Mke wangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, ni jarida tu limeuliza swali.

Jina lilikuja bila kuitwa. Lile alilopewa na babake sitaliandika, maana mwenyewe yuko hai na sijamwomba ruhusa. Lubumbashi ya miaka ile, kuanzia Kenya (Kenya yetu, mtaa, si nchi) mpaka Katuba, tulimwita Kabuti, kwa sababu ya koti zito la mlinzi wa njanja, yaani reli, alilolivaa mwaka mzima. Mwaka mzima nasema, hata Oktoba. Aliyekaa mji huu anaijua Oktoba yetu: mvua bado, vumbi jekundu limetua hadi kwenye kope, watu wanatoa mikeka na kulala uani. Kabuti alikatiza katikati ya joto hilo vifungo vyote vimefungwa, gitaa mgongoni ndani ya mfuko wa unga, tena akitembea upande wa barabara wenye jua. Ukimuuliza kwa nini hapiti kivulini, anakujibu kivulini kuna watu wengi.

Kwa hiyo nimekaa kuandika jibu nikiwa nalo tayari: Kabuti alistahili, mji ulimnyima. Nimelisema hilo kwa miaka zaidi ya 30, vilioni, kwenye foleni ya mkate, mbele ya chupa za bia ya Simba. Hakuna aliyewahi kunipinga, kwa sababu wengi wa ninaowasimulia hawakuwepo.

Alipiga roki. Najua msomaji wa Dar au Mombasa atashangaa: Mkongomani na roki wapi na wapi? Ndugu yangu, tazama ramani. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 hata ukiruka kama ndege. Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, ni kilomita 90 hivi. Miaka ya sabini, wakati redio ya Kinshasa inatumiminia rumba, vijana wa miji ya shaba ya ng'ambo, Kitwe, Chingola, Ndola, walikuwa wanapiga magitaa yanayokwaruza kama bati linaloburutwa juu ya lami. Zilikuwepo bendi za WITCH, Amanaz, Ngozi Family. Leo wazungu wanauita muziki ule Zamrock na kuulipia fedha nyingi. Kwetu ulikuja ndani ya mikoba ya wajomba waliokuwa wakifanya kazi migodini upande wa pili. Mjomba wake Kabuti alikuwa Chingola. Kaseti alizomletea zilikuwa nakala za nakala za nakala; unasikia kama mtu anakaanga samaki jikoni huku gitaa linalia chumba cha pili. Nadhani Kabuti aliamini na yule samaki ni sehemu ya wimbo.

Tatizo ni kwamba tunazungumzia mwaka 1988. Kule Zambia kwenyewe mtindo ule ulishapoa. Huku kwetu kila mtu mwenye kiuno alikuwa anataka kwassa kwassa.

Vyombo vyake naweza kuviapia, maana nilivishika. Gitaa alilichonga kutoka mlango wa kabati. Nyuzi mbili zilikuwa za dukani, nne alizifumua kutoka waya wa breki ya baiskeli. Chini ya nyuzi alifunga sumaku na koili alivyovitoa ndani ya sikio la simu ya mezani. Sauti ilipita kwenye redio ya gari, iliyong'olewa kutoka Datsun iliyoungua, ikatokea kwenye spika ya Philips. Na ile spika ndiyo siri yenyewe: alichukua wembe akaichanja karatasi yake mikato mitatu, kama chale za mganga. Sauti ikiingia safi, inatoka imevaa matope.

Uzi mzito kabisa aliusawazisha kwa king'ora cha kiwanda. Saa ya zamu ikilia, yeye husimama popote alipo, akatega sikio, akakaza au akalegeza. Sisi wengine tulijirekebisha kwake. Yeye hakujirekebisha kwa mtu. Wapiga gitaa aliowaheshimu walikuwa wawili tu. Mmoja ni Paul Ngozi, aliyepiga gitaa kwa meno. Kabuti alijaribu naye, waya wa breki ukampasua mdomo, akashinda wiki nzima anakunywa uji. Wa pili ni Mwenda Jean Bosco, na hapo alikuwa hataki utani. Mamake Kabuti aliishi Likasi, ambayo ndiyo Jadotville ya zamani, pale pale Hugh Tracey, mzungu mkusanyaji wa muziki, alipomrekodi Mwenda mwaka 1952. Kidole gumba na cha shahada, basi, na unasikia kama watu watatu wanapiga.

Sasa harusi.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 1988, Katuba. Orkesta iliyokodiwa ilikwama Kolwezi, na babake bibi harusi, kapita (msimamizi wa wafanyakazi) mmoja mwenye tumbo na sauti, akatumwa kwetu na mtu ambaye sijui alikuwa na kisasi gani naye. Tulikuwa wanne: Kabuti, mpiga besi, mwenzetu wa gitaa la pili ambaye siku hizi yuko Kipushi, na mimi kwenye ngoma, yaani pipa la mafuta lililokatwa na kuwambwa ngozi pamoja na kifuniko cha sufuria kubwa. Malipo: kreti moja ya Simba, bukari (ugali wetu) na kuku. Kapita akauliza kama tunajua kwassa kwassa. Mpiga besi akasema ndiyo kabla hatujatazamana.

Saa kumi na mbili jioni transfoma ya mtaa ikalipuka. Giza. Akina mama wakaendelea na masufuria kwa mwanga wa makala, yaani makaa, watoto wakapiga kelele za furaha kama kawaida yao umeme ukienda. Ndipo mjomba wa bwana harusi, mwenye Peugeot 504 nyeupe iliyopambwa maua kwa ajili ya kuwabeba maharusi, akaiingiza pua yake uani na kuwasha taa mbili za mbele ili watu waonane. Injini akaizima kwa sababu mafuta yalikuwa ya shida. Wasomaji wanaojua mambo ya magari naomba wazikumbuke taa hizo. Nitazirudia.

Kabuti akaomba betri. Kusema kweli aliomba vibaya: alimwomba kijana aliyekuwa anaosha matairi, na kijana akasema chukua. Akafungua boneti, akafunga waya zake mbili pale pale huku taa zinaendelea kuwaka, akabonyeza redio ya Datsun, na ile spika yenye chale ikakohoa. Kuku wote wa jirani waliamka.

Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa rumba ya adabu. Watu walicheza kwa huruma. Wa tatu ndio wenyewe. Kabuti akageuka, akawapa watu mgongo, akawa anatazamana na taa za gari, na kivuli cha lile koti kikapanda ukuta mzima nyuma ya meza ya maharusi. Akaanza na uzi mmoja, ule mzito. Nauona mkono wake hadi leo: hakuupiga, alikuwa anauburuta kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayekwangua ukoko. Mara moja. Akasubiri. Mara ya pili. Akasubiri. Mpiga besi akanikazia macho, mimi nikamkazia yeye, tukaingia pamoja kwa bahati tu.

Kapita akaja akiwa na mguu wa kuku mkononi. "Ile miziki ni ya namna gani? Batu banataka kucheza!"

"Bacheze," akasema Kabuti, bila kugeuka.

Na wakacheza, nawaambia. Watoto walianza. Kisha shangazi mmoja aliyekuwa amekunywa lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji. Kisha bibi harusi mwenyewe, aliyekuwa amekaa tangu mchana uso umekunjwa kama desturi inavyotaka, akavua viatu chini ya meza. Hakusimama, alivua tu, lakini niliona vidole vya miguu vinavyofanya. Saa nne kamili usiku king'ora kikalia. Kilikuja kutoka upande wa bomba kubwa la moshi, juu ya mapaa yote, kikaukuta uzi wa Kabuti kwenye noti ile ile. Vitu viwili vikawa kimoja. Mbwa wakanyamaza. Mzee mmoja, mstaafu, aliyekuwa anasinzia kwenye kiti tangu chakula, akainuka wima, akapapasa kichwani kutafuta kofia yake ya kazi. "Saa inafika, minaenda," akasema, akaanza kutoka. Wanawe wakamshika mkono na kumrudisha kitini.

Halafu taa zikaanza kuwa za manjano. Betri inakufa, na ikifa, ile redio ya Datsun haizimiki kwa mara moja. Sauti inanepa, inakatika vipande, inarudi, inapiga chafya. Mtu mwenye akili angeacha. Kabuti alipunguza mwendo akaanza kupiga ule ugonjwa wenyewe: anagusa uzi, anangoja betri ivute pumzi, anagusa tena. Vile vipande vilikuwa vizuri kuliko kitu kizima. Kisha kimya, na giza juu yake.

Yeye akaendelea. Hakuna umeme, hakuna spika, gitaa la mlango wa kabati tu na waya za breki, na ndani ya giza tukasikia kidole gumba na cha shahada. Chini ya matope yote yale alikuwa akipiga mtindo wa Likasi, ule wa wazee, siku zote, na sisi tuliopiga naye mwaka mzima tulikuwa hatujajua. Shangazi wa lutuku akaanza kulia. Sijui alikumbuka nini.

Bila shaka gari halikuwaka. Tulilisukuma. Bwana harusi na suti yake, mpiga besi, mimi, Kabuti na gitaa mgongoni, wanawake wa harusini wakicheka nyuma yetu na maua yakidondoka barabarani. Mwenye gari alitembea pembeni akirudia jambo moja: "Betri yangu munaikula. Betri yangu munaikula." Asubuhi fundi akasema betri haikubali tena chaji. Tukaamriwa kuilipa, na tukaahidi kulipa kidogo kidogo. Hapa nataka nisikilizwe: redio ya gari inakula umeme kidogo sana. Zilizoimaliza ni zile taa mbili, zilizowaka tangu magharibi injini imezimwa, na betri yenyewe ilikuwa kuukuu. Nimemweleza fundi umeme hesabu hii, akaniunga mkono. Lakini nani atamwambia mjomba wa bwana harusi kwamba ameiua betri kwa mkono wake? Gitaa ndilo lenye hatia, na koti juu yake.

Nilipofika hapa nikasimama, nikamtumia mwenzangu wa Kipushi ujumbe wa sauti nimsomee nilichoandika. Akanirudishia wa dakika sita. Sehemu kubwa ni kicheko. "Weye unapendaka bongo," anasema, na bongo kwetu ni uongo. Kwamba nikisimulia huwa nasema watu walikuwa mia mbili (hapa sikusema, lakini nilikuwa njiani), na ukweli walikuwa labda thelathini ukihesabu watoto. Kwamba wimbo haukuchukua dakika arobaini. Kwamba shangazi alikuwa analia tangu kanisani. King'ora? Anasema king'ora kilikuwepo, kila siku kilikuwepo, ila hakumbuki kukutana na uzi wowote. Mzee aliyeinuka anamkumbuka. Anadhani alikuwa anakwenda chooni.

Akaendelea: "Na ile kaseti?"

Nilikuwa nimeiruka kaseti. Siku ile mwenzangu alikuja na redio-kaseti yake ya mawe sita, akaiweka chini ya meza ya soda na kubonyeza kitufe chekundu. Kwa hiyo ninaposema vilioni kwamba Kabuti hakurekodiwa, nasema bongo. Alirekodiwa. Tuliisikiliza Jumatatu, sisi watatu bila yeye. Unasikia ngoma yangu inakimbia kama mbuzi aliyeona kisu. Unasikia besi inanitafuta. Kapita yuko karibu kabisa, anauliza nani amekula firigisi. Kabuti yuko mbali, kama mbu ndani ya chupa, na pale anaposikika hayuko pamoja na sisi wala sisi hatuko pamoja naye. Sehemu ya gizani, ile ya gumba na shahada, haimo: kaseti iliisha kabla. Kaseti ilibaki kwetu nyumbani. Miezi michache baadaye dada yangu aliichukua arekodi kwaya yao. Nilimwona anaichukua. Alinionyesha kabisa, akauliza, "Hii ina kitu?" Nikamwambia haina.

Sasa mtaelewa kwa nini swali lenu lilinichoma. Miaka hii nimemwona Emmanuel Chanda, yule Jagari wa WITCH, kwenye simu yangu. Bendi ilikufa, yeye akaingia kuchimba vito, miaka ikapita, halafu santuri zake zikachapishwa upya Marekani, na mzee akapandishwa majukwaa ya Ulaya kofia kichwani, mwaka 2023 akatoa na albamu mpya. Nilifurahi, kisha nikaudhika nisijue na nani. Nilijiambia: huyu alipatikana kwa sababu kulikuwa na santuri ya kuokota, wetu hakuwa nayo. Ni kweli. Lakini wetu alikuwa na kaseti, na aliyeisikiliza akaona afadhali kwaya ni mimi.

Kwa hiyo, mkitaka neno langu kwenye orodha yenu: hakustahili. Nimeanza nikiwa na ndiyo na nimefika na hapana, mniwie radhi. Nyota anatakiwa arudie kesho alichokifanya jana, na Kabuti hata wimbo mmoja hakuwahi kuurudia. Ukimwambia "kama jana", anauliza jana gani. Angekodiwa Kinshasa angefukuzwa kabla ya sebene, ile sehemu ya kuchezea. Labda kama angezaliwa miaka kumi na tano mapema, kilomita 150 kusini. Labda. Halafu tena, hukumu hii inatokana na kaseti iliyokaa chini ya meza kati ya chupa za Fanta, isiyosikika hata king'ora ambacho mwenzangu mwenyewe anakiri kililia. Kama haikukinasa king'ora cha mji mzima, ilikosa na mengine. Msinichukue kama shahidi wa upande wowote.

Mengine nitayapita haraka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, eneo jingine la Kongo, walifukuzwa huku kwetu; hapa mjini haikuwa kali kama Likasi na Kolwezi, ambako familia nzima zilikaa stesheni kwa wiki nyingi zikingoja treni. Mamake alikuwa Likasi. Kabuti alikwenda kumsindikiza, na koti lake, na hakurudi. Mwenye macho atajua kwa nini siandiki zaidi.

Namba yake niliipata miaka michache iliyopita kwa binamu yake. Yuko Kasai, anatengeneza redio na kuchajia watu simu kwa sola. Sauti imekuwa nzito. Nilimuuliza kama bado anapiga gitaa, akasema kuna joto sana huko. Nikamkumbusha harusi ya Katuba, ukuta, kivuli, kapita na mguu wa kuku, mzee aliyeinuka. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani salio limekwisha.

"Betri ya ule papa," akasema, "mulimaliza kulipa?"

Tulilipa mara moja tu.

Nikamwambia tulimaliza.